Sumaku Kutoka Gakara Hadi Ruzizi

Katika vilima vya Gakara, kilomita kama 20 hivi kutoka Bujumbura ukielekea kusini-mashariki, kuna mishipa ya mawe yenye bastnesaiti na monazaiti. Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1936, Wabelgiji wakaanza kuyachimba mwishoni mwa miaka ya 1940. Kuanzia 2017 ikaja kampuni ya Rainbow Rare Earths, yenye hisa zake kwenye soko la London, ikachimba na kusafirisha mpaka mwaka 2021, serikali ya Burundi iliposimamisha biashara hiyo kwa hoja kwamba nchi haipati bei inayolingana na mali yake. Wanachogombania ni neodimiamu na praseodimiamu zilizomo ndani ya mawe hayo, metali mbili zinazotumika kutengenezea sumaku za kudumu zenye nguvu kuliko nyingine zote sokoni. Zimo ndani ya mota za magari ya umeme, ndani ya mitambo ya upepo, hata ndani ya kaspika kadogo ka simu ya mfukoni.

Sasa mwanafunzi achukue sumaku ya maabara aisogeze karibu na kipande safi cha bastnesaiti. Jiwe halitikisiki.

Somo la usumaku lingefaa lianzie hapo. Vitabu vingi huanza kwa kusema sumaku ni kitu kinachovuta chuma, na ni kweli, ila swali lenye utamu linabaki nje ya mlango: kwa nini chuma, na kwa nini si shaba, si dhahabu, si sufuria ya alumini? Wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua jibu kwa vitendo. Mtu anawaletea waya wa rangi ya shaba, wanautegea sumaku. Ukinasa, ni chuma kilichopakwa shaba juu, na bei inashuka papo hapo. Sumaku yao haisemi uongo, ingawa haiwaelezi sababu.

Sababu imo ndani ya atomi. Kila elektroni ina usumaku wake mdogo, wa kuzaliwa nao. Katika metali nyingi elektroni hukaa mbili-mbili zikiwa zimeelekea pande zilizo kinyume, hivyo usumaku wa moja unafutwa na wa mwenzake. Katika atomi ya chuma baadhi ya elektroni hubaki bila wenza. Hilo peke yake halitoshi, maana zipo atomi nyingi zenye elektroni za namna hiyo na bado si sumaku. La pili, lililo adimu zaidi, ni kwamba atomi za chuma zilizo jirani hupatana mwelekeo, zikajipanga mamilioni kwa mamilioni kama safu za waumini msikitini, wote wameelekea upande mmoja. Eneo lenye mpangilio huo huitwa kikoa. Msumari wa kawaida umejaa vikoa, lakini kila kikoa kina upande wake, na jumla yake inakuwa sifuri. Ukiupitishia sumaku mara kadhaa kwa upande uleule, vikoa vilivyokubaliana na sumaku hupanuka na kuvimeza vingine, na msumari unaanza kuvuta pini. Ukiugonga kwa nyundo au kuutia motoni, mpangilio unavurugika. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi hupoteza tabia hiyo kabisa. Nikeli, ambayo Burundi inayo kwa wingi chini ya ardhi ya Musongati, huipoteza mapema zaidi, karibu na nyuzi 358. Kipimo hicho kimepewa jina la Pierre Curie, Mfaransa aliyekichunguza katika miaka ya 1890.

Kwa metali za kawaida, orodha ya zile zenye usumaku wa nguvu katika joto la chumbani ni fupi: chuma, nikeli, kobalti. Neodimiamu haimo. Ikiwa peke yake katika joto la Bujumbura haivuti chochote cha kuonekana kwa macho. Mwaka 1983 watafiti wa pande mbili, Masato Sagawa huko Japani na kundi la kampuni ya General Motors huko Marekani, walitangaza kila mmoja kwa njia yake kwamba wameichanganya na chuma na kiasi kidogo cha boroni: atomi mbili za neodimiamu, kumi na nne za chuma, moja ya boroni. Katika ndoa hiyo chuma ndicho kinacholeta sehemu kubwa ya usumaku. Kazi ya neodimiamu ni kuushikilia mwelekeo usiyumbe, hata sumaku nyingine ikija kuupinga. Ndiyo maana jiwe la Gakara halivuti pini na bado ulimwengu unalitafuta. Kati ya jiwe na sumaku kuna kazi ndefu ya kutenganisha metali kwa kemikali, kuziyeyusha, kuzisaga na kuzichoma tena, na sehemu kubwa ya kazi hiyo leo hufanywa China. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mjadala wa Gakara umezungumzwa mno kama habari ya bei na mikataba, na kidogo mno kama habari ya fizikia na kemia ambayo nchi ingepaswa kuwa nayo ili ibishane kuhusu bei ikiwa na hoja mkononi.

Tabia nyingine za sumaku ni nyepesi kueleza. Ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Ukiikata sumaku katikati hupati ncha moja peke yake, unapata sumaku mbili kamili, kwa kuwa kila kikoa tayari kilikuwa na ncha zake zote mbili. Nafasi inayoizunguka sumaku, ambamo nguvu yake inasikika, ndiyo uga wa sumaku. Uga hauonekani, lakini unga wa chuma ukinyunyizwa juu ya karatasi unauchora vizuri kuliko mwalimu ubaoni.

Dunia nayo ni sumaku, na hapa mwanafunzi wa Bujumbura ana jambo ambalo kitabu kilichoandikwa Ulaya hakimwambii. Sindano ya dira haikai sawasawa kila mahali. Kule Ulaya ncha ya kaskazini ya sindano huinama kuelekea ardhini. Upo mstari unaoizunguka dunia ambako sindano inalala bapa bila kuinama, yaani ikweta ya sumaku, na katika Afrika mstari huo haufuati ikweta ya ramani: unapita kaskazini zaidi, juu ya Ethiopia. Kituo cha kupima usumaku wa dunia cha Addis Ababa, kilichofunguliwa mwaka 1958, kiliwekwa mahali pazuri sana kwa sababu hiyo. Bujumbura, iliyo nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta ya ramani, iko mbali zaidi kusini mwa ile ya sumaku. Sindano ikiachwa huru hapa, ncha yake ya kusini ndiyo inayoinama, tena kwa nyuzi karibu 30. Watengenezaji wa dira huzisawazisha sindano kwa kanda za dunia, na dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikiletwa huku inaweza kukwaruza kioo chake.

Na neno moja la kuwatoa watahiniwa kwenye mtego. Ncha ya sindano iliyoandikwa kaskazini inavutwa kuelekea kaskazini ya dunia. Kwa kuwa zinazovutana ni zile zisizofanana, ncha ya sumaku ya dunia iliyoko kule kaskazini, kwa lugha ya fizikia, ni ncha ya kusini.

Kwa karne nyingi umeme na sumaku vilisomwa kama mambo mawili. Aliyevunja ukuta huo ni Hans Christian Ørsted wa Copenhagen, mwaka 1820, alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliokuwa ukipitisha mkondo. Jaribio lake linaweza kurudiwa kwenye dawati lolote, na hesabu yake inaeleza mengi. Waya ulionyooka wenye mkondo wa ampea 1 hutoa, umbali wa sentimita 1, uga wa mikrotesla 20. Uga wa dunia hapa Bujumbura ni kama mikrotesla 33. Namba hizo mbili ziko karibu, kwa hiyo waya ukilazwa juu ya dira sambamba na sindano, sindano haitetemeki tu: inageuka zaidi ya nyuzi 30. Pindua betri, nayo inageukia upande wa pili. Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa macho yake hana haja kubwa ya kukariri kanuni za mkono wa kulia na wa kushoto. Ambaye hajaona, kama wengi wanaofundishwa kwa chaki tu, atavisokota vidole siku ya mtihani na bado atazichanganya.

Waya ukikunjwa kuwa koili, uga wa kila mzunguko unajumlika na wa mwenzake. Mizunguko 100 katika urefu wa sentimita 10, kwa mkondo wa ampea 1, hutoa ndani yake karibu militesla 1.3, takriban mara 40 ya uga wa dunia. Tia chuma laini katikati, nguvu inapanda tena mara nyingi, kwa kuwa vikoa vya chuma vinaitikia wito wa koili. Mwingereza William Sturgeon, aliyewahi kuwa fundi viatu na askari, alitengeneza sumaku-umeme ya namna hiyo katikati ya miaka ya 1820. Waya wake ulikuwa mtupu, bila ganda la kuhami, kwa hiyo alipaka vanishi kile chuma na kuiacha mizunguko ikae mbalimbali ili isigusane. Muda si mrefu Joseph Henry wa Marekani akaufunika waya wenyewe kwa hariri, na hapo mizunguko ikaweza kubanana na kupandana tabaka juu ya tabaka. Sumaku yake ilinyanyua mamia ya kilo. Waya wa shaba unaouzwa leo madukani kwa ajili ya koili unaonekana mtupu, kumbe umepakwa vanishi nyembamba. Mwanafunzi anayesahau kuikwangua mwisho wa waya kabla ya kufunga betri atakaa akishangaa kwa nini msumari wake hauvuti.

Mahali pa kuyaona haya yakifanya kazi ni Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa magereji yake. Gari halitaki kuwaka. “Fundi, stata imekufa?” mteja anauliza, na fundi hajibu, anageuza ufunguo na kusikiliza. Kama kunasikika “tak!” moja na kisha kimya, tayari ameshajua nusu ya ugonjwa.

Sauti hiyo ni ya sumaku-umeme. Ufunguo hupeleka mkondo mdogo kwenye koili iliyo juu ya stata, koili inavuta kipande cha chuma, na chuma hicho kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinaisukuma gia ndogo ikamate gurudumu la injini, na kinakutanisha vipande viwili vinene vya shaba ili mkondo mkubwa wa betri upite. Mkondo huo ni wa ampea mia na zaidi, mkubwa mno kupitishwa kwenye swichi ya ufunguo. Kusikika kwa “tak” maana yake sumaku-umeme ni nzima. Mara nyingi tatizo liko mbele yake.

Fundi akiifungua stata juu ya meza, ndani yake mna somo zima la mota. Kuna ganda lenye sumaku za kudumu, au koili nzito katika stata za aina nyingine. Kuna rota yenye nyaya nene za shaba zilizopangwa kwenye mifereji yake. Mwisho wa rota kuna mkufu wa vipande vya shaba, komyuteta, na juu yake zinakaa kaboni nne zinazobanwa na springi. Mara nyingi ugonjwa uko hapo: kaboni zimelika zikawa fupi, au komyuteta imepakwa masizi meusi. Fundi anaisugua kwa msasa laini, anachokonoa uchafu uliojaa kati ya vipande, anabadilisha kaboni.

Kwa nini inazunguka? Waya unaobeba mkondo ukiwekwa ndani ya uga unasukumwa. Kwa uga wa nusu tesla, mkondo wa ampea 100 na waya wa sentimita 5, msukumo ni nyutoni 2.5, sawa na uzito wa robo kilo. Si haba, ukikumbuka kwamba nyaya ni nyingi na kila moja inachangia. Upande mmoja wa koili unasukumwa juu, wa pili chini, rota inageuka. Baada ya nusu mzunguko misukumo hiyo ingeirudisha nyuma ilikotoka, kama si komyuteta kuugeuza mkondo kwa wakati wake. Kaboni chafu zinaiharibu zamu hiyo.

Chini ya boneti hiyohiyo kuna altaneta, ambayo kwa umbile inafanana na stata na kwa kazi ni kinyume chake. Stata inakula umeme itoe mzunguko. Altaneta inakula mzunguko itoe umeme.

Kanuni ya altaneta iligunduliwa na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyejifunza sayansi kwa kusoma vitabu alivyokuwa akivijalidi kama mwanagenzi. Alikuwa dhaifu katika hesabu, na labda ndiyo sababu aliichora michoro ya mistari ya nguvu ambayo shule zote huitumia mpaka leo. Tarehe 29 Agosti 1831, mjini London, alifunga koili mbili kwenye pete moja ya chuma. Ya kwanza akaiunganisha na betri, ya pili na kipimo cha mkondo. Alitarajia mkondo katika ya kwanza uamshe mkondo katika ya pili, ukaamka kweli, lakini kwa kufumba na kufumbua: sindano iliruka alipofunga betri, ikarudi sifuri, ikaruka kwa upande wa pili alipoifungua. Wakati mkondo ulipokuwa ukipita bila kubadilika, hakuna kilichotokea. Tarehe 17 Oktoba aliingiza sumaku ndani ya koili na kuitoa. Ilipokuwa ikisogea, sindano ilicheza. Ilipotulia, sindano nayo ikatulia.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Wanadhani sumaku kubwa ikiwekwa karibu na koili itatoa umeme. Haitoi, hata ingekuwa ya neodimiamu ya uzito wa kilo kumi. Kinachozalisha volteji ni kubadilika kwa uga unaopita ndani ya koili, na kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka ndivyo volteji inavyopanda. Jambo hilo halipo katika usumaku wa kawaida wa darasa la mwanzo, na kitabu kinachoupanga usumaku sura moja na umeme sura nyingine, zikiachana kwa kurasa mia, humficha mwanafunzi kiungo chenyewe.

Umeme huo una gharama. Heinrich Lenz, mwanafizikia wa Urusi, alieleza mwaka 1834 kwamba mkondo unaozalishwa hupinga daima mabadiliko yaliyouzalisha. Mwendesha baiskeli anaijua kanuni hii kwa mapaja yake: dainamo ikiwasha taa, kanyagio linakuwa zito kidogo, balbu ikiungua, linalegea. Kwenye gari, ukiwasha taa na feni pamoja, altaneta inakuwa nzito kuzungushwa, na mkanda uliochakaa utalia. Nguvu ya kuushinda uzito huo inatoka kwenye petroli, na Bujumbura, iliyozijua foleni za vituo vya mafuta miaka hii, haihitaji kuelezwa thamani yake.

Ukiongeza vipimo vya altaneta unafika Ruzizi. Mto huo unatoka ziwa Kivu na kushuka hadi ziwa Tanganyika, na kituo cha Ruzizi II, kinachofanya kazi tangu 1989, kinagawa umeme wake kati ya Burundi, Rwanda na Kongo. Uwezo wake ni megawati karibu 44. Rwegura, kilichofunguliwa 1986 kule kaskazini mwa nchi, kina megawati 18. Katika vyote hivyo maji yanazungusha rota yenye sumaku-umeme ndani ya koili zilizotulia. Gridi inataka mizunguko 50 kwa sekunde. Rota yenye ncha mbili ingelazimika kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, kasi ambayo mashine kubwa ya maji haiiwezi. Kwa hiyo wahandisi huongeza ncha: ikiwa na jozi 10, mizunguko 300 inatosha. Kule Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, mtambo wa megawati 80 ulioanza kuzalisha miaka hii ya 2020 unagawanywa sawa kwa nchi tatu, na sehemu ya maji yanayouzungusha inatoka Burundi yenyewe, kupitia mto Ruvubu.

Umeme ukishazalishwa lazima usafiri, na bila Faraday usingefika mbali. Chukua megawati 1 na uisafirishe, kwa hesabu rahisi, kwa volti 400: mkondo ni ampea 2,500. Isafirishe kwa volti 110,000: mkondo ni ampea 9 na kitu. Upotevu wa joto kwenye waya unafuata mraba wa mkondo, hivyo kwa waya uleule tofauti ni zaidi ya mara 75,000. Chombo kinachopandisha volteji hiyo kule kituoni na kuishusha mtaani ni ile pete ya chuma ya 1831, ikiwa imekuzwa na kuzamishwa kwenye mafuta ya kupozea. Koili ya pili ikiwa na mizunguko mara kumi ya ile ya kwanza, volteji inapanda mara kumi na mkondo unashuka kwa kiasi hichohicho. Transfoma haizalishi nguvu, inabadilisha sura yake tu, na kidogo kinapotea njiani kama joto.

James Clerk Maxwell aliyaweka yote haya katika milinganyo yake katika miaka ya 1860, akaona kwamba uga wa sumaku na uga wa umeme vikizaana vyenyewe kwa vyenyewe vinasafiri kwa kasi ya mwanga. Heinrich Hertz akalithibitisha kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1880, na redio ikafuata. Hiyo ni sura ya madarasa ya juu.

Kwenye umeme wa jua hadithi inabadilika kidogo. Shamba la paneli la Mubuga, katika mkoa wa Gitega, lilizinduliwa mwaka 2021 likiwa na megawati 7.5, na ndani ya paneli zake hakuna sumaku wala kitu kinachozunguka. Mwanga unasukuma elektroni moja kwa moja. Lakini mkondo unaotoka humo unakwenda upande mmoja bila kubadilika, na ukiupeleka kwenye transfoma hivyo ulivyo, koili ya pili haitapata chochote, kama Faraday alivyoona wakati betri yake imefungwa na sindano imetulia. Kwa hiyo unapitishwa kwanza kwenye inveta, ambayo huukatakata na kuufanya uende na kurudi mara 50 kwa sekunde, ndipo transfoma iupokee na kuupandisha kwenye gridi.